Mhuri Mlangoni mwa Kanisa: Kisa cha Ibada ya Lazima katika Chuo Kikuu cha Kikristo

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Tanzania Bara, katika chuo kikuu kinachomilikiwa na kanisa la Kiprotestanti. Mimi nilikuwa katibu wa kamati iliyoundwa kukishughulikia. Jina la chuo, mkoa, mwaka na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekiondoa, na mambo madogo mawili matatu nimeyabadilisha kwa sababu hiyo hiyo. Nimekiandika kwa ajili ya wachungaji wa vyuo, walezi wa wanafunzi, viongozi wa serikali za wanafunzi na wajumbe wa mabaraza ya vyuo vya dini. Nasema vya dini, si vya Kikristo peke yake, kwa sababu chuo cha Kiislamu chenye wanafunzi Wakristo kinaweza kujikwaa kwenye jiwe hili hili.

Usuli

Chuo kilianza kama taasisi ndogo ya kanisa ya kuandaa watumishi wake. Wanafunzi wote walikuwa wametumwa na dayosisi zao, na ibada ya kila siku ilikuwa sehemu ya mafunzo. Hakuna aliyeuliza kama ni ya lazima, kama ambavyo mpishi haulizi kama ni lazima aingie jikoni.

Kisha nchi ikabadilika, mara mbili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliwezesha shule nyingi za misheni kutaifishwa, na kwa miaka mingi makanisa yakabaki na seminari na vyuo vyake vidogo. Miaka ya 1990 mlango ukafunguka tena. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya, na vyuo vikuu vya makanisa vikaanza kuchipuka: Tumaini na Mtakatifu Agostino miongoni mwa vya mwanzo, na Mtakatifu Yohana pale Dodoma mwaka 2007. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, mkopo ukamfuata mwanafunzi hadi chuo binafsi. Halafu kuanzia mwaka 2010 hadi 2017 maombi ya kujiunga na vyuo yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Kijana aliweka machaguo yake, akasubiri, akapangiwa. Wengi waliofika kwetu miaka hiyo walikuwa wamechagua ualimu wa hisabati au sheria. Kanisa walilikuta getini.

Kwa hiyo chuo kikakua. Wanafunzi wa theolojia wakawa kundi dogo katikati ya walimu watarajiwa, wahasibu na wanasheria. Kanuni ya ibada ndiyo haikukua. Kila asubuhi kulikuwa na sala ya dakika kumi na tano, ya hiari. Jumapili kulikuwa na ibada kuu. Na Jumatano, saa nne hadi saa tano asubuhi, chuo kizima kilisimama: vipindi hakuna, maktaba imefungwa, kantini imefungwa. Hata jamaa wa kutoa nakala pale getini alitakiwa kuzima mashine, ingawa jamaa alikuwa na namna yake.

Jumuiya za wanafunzi zilikuwa hai. Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani walikuwa na USCF, Wapentekoste CASFETA, Waadventista TUCASA, Wakatoliki jumuiya yao, na TAFES ikivuta watu kutoka kote. Waislamu hawakuwa na jumuiya iliyosajiliwa chuoni. Ijumaa walishuka mjini msikitini, wakarudi, na hakuna aliyewasumbua.

Siku ya kujiunga, kila mwanafunzi na mzazi wake walisaini fomu. Nyaraka nyingine zote zilikuwa za Kiingereza, lakini hii ilikuwa ya Kiswahili ili wazazi waisome wenyewe. Sentensi ya tatu ilisema: “Nitaheshimu maadili ya Kikristo ya chuo na kushiriki ibada zake.” Miaka nenda rudi watu walisaini na fomu zikaingia kwenye majalada. Naomba msomaji aliweke akilini lile neno “kushiriki”, nitalirudia.

Yaliyotokea

Jumatano moja Askofu alipita chuoni, akaingia ibadani. Alikuta kwaya, wafanyakazi, wanafunzi wa theolojia, na mabenchi matupu kuanzia katikati hadi mlangoni. Hakusema lolote zaidi ya kuwaomba watu wasogee mbele. Hilo lilitosha. Viongozi waliokaa naye mbele waliona aibu, na aibu ya wakubwa huwa haikai bure.

Baada ya wiki mbili likatoka tangazo lenye saini ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo. Kila mwanafunzi atapewa kadi ya kijani. Kila Jumatano itagongwa mhuri mlangoni mwa kanisa. Muhula ulikuwa na Jumatano 14, na asiyekuwa na mihuri 10 hatapewa kibali cha mtihani. Mafungo ya mwanzo wa muhula, ambayo siku zote yalifanyika Jumamosi, yatahesabiwa kuwa mihuri mitatu.

Wiki tatu za kwanza kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje. Picha zilipigwa, zikapelekwa makao makuu ya dayosisi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilifurahi. Ukiwa umezoea kuimba katika kanisa tupu, sauti ya watu wengi inakulevya, hata kama wengi wao wanaangalia simu.

Kufikia wiki ya tano kulikuwa na biashara. Mtu mmoja alibeba kadi sita. Mihuri ilichongwa kwa soli ya ndala, na kazi ilikuwa safi kiasi kwamba karani wa mlangoni alishindwa kutofautisha wake na wa bandia. Kugongewa kadi ilikuwa shilingi 500, na wiki ya bumu, yaani fedha za mkopo zinapoingia, bei ilipanda. Wengine walijifunza kwamba mhuri unagongwa pia wakati wa kutoka, wakawa wanafika saa tano kasoro dakika kumi, katikati ya baraka. Mchungaji wa Chuo aliniambia baadaye, “Ndugu katibu, nilikuwa nahubiria foleni.”

Pembeni kukawa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeliona likija. Zamani wahadhiri wenye vipindi vya kufidia walikuwa wakiiba ile saa ya Jumatano kimyakimya. Sasa hawakuweza. Vipindi vya kufidia na majaribio vikahamia Jumamosi. Waadventista, ambao Jumatano haikuwa na shida kwao hata kidogo, wakajikuta wanachagua kati ya Sabato na alama za jaribio. Na mihuri mitatu ya mafungo nayo ilikuwa Jumamosi.

Wiki ya saba ikaja barua. Aliyeiandika alikuwa binti wa mwaka wa pili wa ualimu, Mwislamu kutoka Pwani, aliyekuwa akifanya vizuri darasani na asiyejulikana kwa ugomvi wowote. Ilikuwa ya kurasa moja na nusu, ya adabu, na ilianza kwa kumshukuru Mama Mlezi kwa kumtafutia chumba hosteli. Hoja yake ilikuwa kwamba alisaini kuheshimu na ameheshimu: hajawahi kupiga kelele karibu na kanisa, anavaa inavyotakiwa, na somo la maadili ya Kikristo amelifaulu. Lakini kusimama, kuimba na kuitikia “Amina” kwa maneno asiyoyaamini, ili apate mhuri, ni kuwadanganya wenye kanisa na kujidanganya yeye. Aliomba aruhusiwe kukaa mahali pengine ile saa moja.

Mama Mlezi wa Wanafunzi aliona barua ina haki. Aliipeleka juu ikiwa na maoni yake. Haikujibiwa.

Wiki ya kumi na mbili ofisi ilibandika orodha ya wanafunzi 63 waliopungukiwa mihuri, majina kamili na namba za usajili. Jioni hiyo ilikuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp. Watu walipoisoma vizuri, wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka. Majina tisa yalikuwa ya wanakwaya. Kwaya huingia kwa mlango wa nyuma, na mhuri ulikuwa mlango wa mbele. Hawakukosa ibada hata moja. Kulikuwa na Waislamu 11, Waadventista kadhaa, na waliobaki, yaani wengi wa orodha, walikuwa watoto wa kanisa lenyewe.

Miongoni mwao alikuwapo kijana wa mwaka wa tatu aliyekuwa akiendesha bodaboda ya mtu ili amalizie ada. Jumatano asubuhi, kwa kuwa hakuna kipindi, ndiyo ilikuwa saa yake ya abiria.

Mjini nako maneno yakatoka mengine. Ikasemwa kwamba chuo kinawalazimisha Waislamu kubatizwa ndipo wafanye mtihani. Haikuwa kweli, lakini orodha yenye majina ya Kiislamu ilikuwa inazunguka kwenye simu, na uongo ukipata kiti cha kukalia hausimami. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ikapiga simu kuuliza kuna nini.

Siku hiyo hiyo alifika mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu wa kanisa letu hilo hilo, baba wa yule kijana wa bodaboda. Alikuwa amesafiri usiku kucha. Aliingia kwa Naibu Makamu Mkuu, akasalimia “Bwana Yesu asifiwe,” akaketi, akaomba aonyeshwe kadi ya kijani. Akaigeuza mbele na nyuma. Kisha akasema kwamba ameongoza mtaa wa kanisa kwa miaka zaidi ya thelathini, mingine ndani ya kanisa la nyasi, na kila Jumapili alihesabu watu ili aandike kwenye taarifa ya usharika. “Niliwahesabu, baba,” alisema, “lakini sikuwahi kuwagonga mhuri.” Hakuongeza neno.

Kamati na maamuzi yake

Makamu Mkuu wa Chuo aliunda kamati kesho yake na kuipa siku tano, kwa sababu mitihani ilikuwa imebakiza wiki mbili. Walikuwamo Mchungaji wa Chuo, Mama Mlezi, mhadhiri wa sheria, mratibu wa ratiba, wawakilishi wawili wa wanafunzi, na mkutubi wetu, Mwislamu aliyekuwa ametumikia chuo miaka mingi kuliko karibu sisi wote.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi na ulichukua saa mbili. Mhadhiri wa sheria alikuja na kanuni za mitihani zilizopitishwa na Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Masharti ya kuingia chumba cha mtihani yalikuwa matatu: usajili, ada, na mahudhurio ya vipindi. Ibada haikutajwa, na lile tangazo la kadi halikuwahi kufika Seneti. Tukapendekeza kibali cha mtihani kitenganishwe na ibada mara moja. Makamu Mkuu akakubali jioni hiyo, na orodha ikabanduliwa.

Wengine walitaka tuanze na Katiba. Ibara ya 19 inasema kwamba kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Mwanasheria wetu alitushauri tusikimbilie huko. Chuo binafsi cha dini kinaweza kujibu kwamba mwanafunzi alikuja mwenyewe na akasaini, na hoja hiyo ina uzito wake. Mkienda mahakamani mtabishana miaka. Alitaja pia kesi ya Kenya, ambako mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi wanafunzi Waadventista waliokuwa wakilazimishwa kusoma Jumamosi. Lakini Kenya wana ibara inayokataza waziwazi mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. “Nyumba yetu wenyewe ina shimo hapa,” alisema akigonga kanuni za Seneti kwa kidole, “ya nini kwenda kuchungulia kwa jirani?” Nadhani ushauri huo ulituokoa. Kama tungeanza na Katiba, wajumbe wa Baraza wangeona kanisa linashtakiwa, na kila mtu angekaa upande wake.

Siku ya pili na ya tatu zote ziliisha kwenye swali moja, na lilitoka kwa mkutubi. Alikuwa kimya tangu mwanzo. Tulipofika kwenye ile sentensi ya fomu, akauliza: “Mnataka nini hasa kutoka kwangu? Niwepo, ninyamaze, au niamini?” Kisha akasimulia kwamba miaka yote hiyo, Jumatano saa nne, amekuwa akifunga mlango wa maktaba kwa nje kama inavyoagizwa, anazunguka kwa mlango wa nyuma, anakaa ndani gizani hadi saa tano ili asionekane anatembea. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua.

Kutoka hapo tulipendekeza yafuatayo, na karibu yote yalipita. Saa ya Jumatano ibaki, bila vipindi wala vikao, na mhadhiri atakayeiiba aandikiwe barua. Asiyetaka kwenda ibadani asiende, bila kujieleza, awe Mkristo au la. Maktaba ifunguliwe saa hiyo. Kuhusu kantini tulibishana kwa dakika arobaini, naona haya kusema, na mwishoni ikabaki imefungwa kwa sababu Mchungaji alisema hawezi kushindana na chapati. Wanafunzi wa theolojia wanaotumwa na dayosisi wabaki na wajibu wa kuhudhuria, kwani kwao ibada ni sehemu ya mafunzo waliyoyafuata. Somo la maadili ya Kikristo lifanywe na wote, kwa kuwa ni somo, linapimwa kwa kusoma na kuelewa. Kwenye mahafali na shughuli rasmi watu wote wasimame wakati wa sala, na asiyeomba anyamaze tu.

Ratiba ndiyo ilimtoa jasho mratibu. Tuliamua kusiwe na jaribio wala kipindi cha kufidia kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua. Halafu mkutubi akakumbusha kwamba Ijumaa saa sita na nusu hadi saa nane mchana nayo iachwe wazi, ili wanafunzi Waislamu washuke mjini na kurudi. Mratibu alitandaza karatasi yake mezani akatuuliza kama tunataka wanafunzi wasome usiku. Ikaishia kwamba majaribio yawe jioni za Jumatatu na Alhamisi.

Ombi la chumba cha kuswalia ndani ya eneo la chuo lilitoka kwa wanafunzi Waislamu kupitia serikali ya wanafunzi. Kamati ilipendekeza likubaliwe kwa kura nne dhidi ya tatu. Baraza la Chuo lililikataa, kwa hoja kwamba ardhi ilitolewa na waumini kwa kazi ya kanisa.

Matokeo

Mitihani ilifanyika kwa wakati. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ilipelekewa nakala ya tangazo jipya na haikuuliza tena. Uvumi wa mjini ulififia wenyewe.

Kanisani, Jumatano ya kwanza baada ya kadi kufutwa, tulirudi pale pale alipotukuta Askofu, pengine chini zaidi. Baadhi ya wajumbe wa Baraza walisema, “Si mnaona?” Mchungaji wa Chuo alikuwa na muhula mgumu. Lakini alifanya kitu ambacho hakikuwamo katika mapendekezo yetu: aliwagawia wanafunzi zile Jumatano. Wiki hii USCF, inayofuata CASFETA wakaja na vyombo vyao, Wakatoliki wakaleta masomo na nyimbo zao, mahubiri yakapunguzwa hadi dakika ishirini. Walimu watarajiwa waliotoka mazoezi ya kufundisha walipewa nafasi ya kueleza walichokikuta shuleni, na baadhi ya simulizi hizo zilinigusa kuliko mahubiri mengi. Baada ya mihula miwili mabenchi yalikuwa yamejaa hadi nyuma kidogo ya katikati. Hayajawahi kujaa kama wakati wa mhuri.

Binti wa Pwani alihitimu na wenzake. Jumatano nilikuwa nikimkuta maktaba, meza ya dirishani.

Kijana wa bodaboda hakupona hivyo. Katika wiki zile za vurugu alikosa majaribio mawili akihangaikia suala lake ofisini, alama za muhula zikashuka, akapata sapu, yaani mitihani ya marudio, na sapu moja akaikosa. Alihitimu mwaka mmoja baadaye. Ada ya mwaka huo wa ziada hakuna aliyemrudishia.

Uchambuzi

Nianze na neno, kwa sababu naamini kisa kizima kilikuwa ndani yake. “Kushiriki” kwa Mlutheri mzima ni neno zito: mtu anashiriki Chakula cha Bwana. Kwa Mpentekoste, washirika ndio wenye kanisa lao. Aliyeandika fomu enzi za wanafunzi waliotumwa na dayosisi alimaanisha hivyo kabisa. Kwa mhasibu mtarajiwa aliyeisoma fomu haraka akiwa na sanduku mkononi, kushiriki ni kuhudhuria tu, kama kushiriki semina. Na kwa Mwislamu neno hilo limekaa jirani na “kumshirikisha Mwenyezi Mungu”, dhambi kubwa kuliko zote katika imani yake. Watu watatu, saini tatu chini ya sentensi moja, na kila mmoja ameahidi kitu chake. Wakati hakuna anayeidai ahadi, tofauti hiyo haionekani. Kadi ya kijani iliidai, nayo ikatoka hadharani.

Swali la mkutubi lilitenganisha vilivyokuwa vimefungwa pamoja: kuwepo, kuheshimu, kuamini. Chuo cha dini kina haki ya kudai heshima kutoka kwa kila anayeingia getini. Kinaweza kudai baadhi ya watu wawepo kwenye baadhi ya shughuli, kwa sababu inayoelezeka. La tatu hakina njia ya kulidai, na theolojia yetu wenyewe inasema hivyo. Ajabu ni kwamba tulihitaji kukumbushwa na mtu asiye Mkristo. Fomu mpya inasema “nitaheshimu maadili na ibada za chuo”, na ushiriki umewekwa katika sentensi yake yenyewe kama mwaliko.

Tulikosea pia namna ya kulitambua tatizo. Askofu alikuta mabenchi matupu. Waislamu wote wa chuo wasingejaza hata mabenchi manne. Waliokosekana walikuwa watoto wetu, waliobatizwa na kupewa kipaimara, na hakuna aliyewauliza kwa nini hawaji. Tungeuliza tungeambiwa mahubiri ni marefu, kwamba ni yale yale, kwamba wengine wanatafuta hela ya kula. Kadi ilitupa takwimu mahali tulipohitaji mazungumzo. Halafu mambo yalipoharibika, mjadala ukageuka kuwa wa Wakristo na Waislamu, jambo ambalo lilikuwa nafuu kwa kila mtu kwa sababu lilitusaidia tusijitazame.

Kuna jambo la umri ambalo vijana katika kamati hawakulielewa mpaka tulipoeleza. Wazee kadhaa wa Baraza walisoma shule za misheni kabla ya kutaifishwa. Kengele ililia, ukaenda ibadani, usipoenda, fimbo. Wengine wao wanasema hapo ndipo walipompata Mungu, na siwezi kuwabishia. Lakini shule ile ilikuwa na watoto wa bweni wa miaka kumi na miwili. Mwanafunzi wa chuo ana miaka ishirini na zaidi, ana mkopo wa Bodi atakaoulipa mwenyewe, na wengine wana watoto. Mzee anayependekeza kadi ya mhuri anaona mbele yake mtoto yule, yaani anajiona yeye.

Kilichofanya kazi ni kuuondoa mtihani mezani kabla ya lingine lolote. Hofu ilipoondoka, watu waliweza kusikilizana. Kilichosaidia pia ni kuanza na kanuni zetu wenyewe. Na mkutubi: kumweka kwenye kamati mtu anayeathirika, mwenye heshima kwa pande zote, asiye msemaji wa kundi.

Tulivyoshindwa ni vingi. Barua ya binti ilikaa mezani wiki tano. Ingejibiwa kwa mistari mitatu wiki ile ile, kisa hiki nisingekiandika. Kamatini hatukuwa na Mwadventista hata mmoja, na suala la Jumamosi tulilijadili kwa kusikia. Matokeo yake tulisahau maabara: wanafunzi wa sayansi bado wanapangiwa zamu za Ijumaa jioni baada ya magharibi, na wenzao wa TUCASA wanabadilishana zamu kwa kuombana. Na ile orodha ya majina 63, kosa kubwa kuliko kadi yenyewe kwa maoni yangu, iliombewa radhi kwa mdomo na Mama Mlezi, ambaye hakuibandika. Aliyeibandika hakusema kitu. Wanakwaya walilichukulia kama mzaha. Waislamu 11 ambao majina yao yalizunguka mji mzima hawakuandikiwa barua yoyote.

Yaliyobaki wazi

Chumba cha kuswalia ndipo tulipogawanyika na bado tumegawanyika. Mimi nilipiga kura ya kukubali, lakini hoja ya waliokataa si ya chuki: kuna vikongwe vijijini waliouza kuku ili kanisa linunue ardhi ile, na hawajaulizwa. Walioomba nao hawakuomba msikiti. Waliomba chumba kimoja tupu, na kuna darasa la zamani nyuma ya bohari lisilotumika. Mhadhiri wa sheria aliandika pendekezo la kati, kwamba kiwe chumba cha utulivu kwa wanafunzi wote bila alama ya dini yoyote. Baraza liliahidi kulijadili kikao kinachofuata. Vikao vitatu vimepita tangu hapo, na sijaliona kwenye ajenda.